Nani Atamwosha Mkunga Asiyesali?

Mkunga wetu amekufa, yule wa karibu na reli, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa aliyepokea watoto wengi wa mtaa wetu hapa Kindu. Alikufa Jumanne alfajiri, kwa homa ambayo haikumaliza hata siku nne. Saa nne asubuhi turubai lilikuwa limekwisha kufungwa, viti vya plastiki vimeletwa, watu wamekaa. Wamekaa tu. Saa tisa mchana, jua likichoma mabati, maiti ilikuwa bado ndani, haijaguswa na maji. Mnaonisoma mnajua kwamba sina mazoea ya kuwapaka marehemu asali. Leo nina hasira, na hasira yangu ina majina. Sitayaandika, lakini wenyewe watajijua kabla hawajafika katikati ya ukurasa.

Mkunga huyu hakuwa na dini. Sisemi alikuwa amepoa, kama tunavyosema juu ya Mkristo aliyeacha misa au Mwislamu anayeonekana siku ya Idi peke yake. Hakuamini. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayesema hali pilipili. Na kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wa pale alipokuwa anasali: wa msikiti wana utaratibu wao, wa kanisa wana wao na nyimbo zao. Ndugu zake walikuwa upande wa Punia, mbali, na barabara mnaijua. Basi nani amwoshe?

Nilianza kumjua miaka ya vita, nikiwa na miaka tisa. Mji ulikuwa umefungwa, chakula hakiingii, tukakimbilia porini njia ya Kibombo. Hata kule porini, tukila mizizi, watu waligawanyika. Familia za msikiti ng'ambo hii ya kijito, familia za misheni ng'ambo ile, na kila upande ukiamini kwamba wale wengine ndio wanaowapelekea wenye silaha habari zetu. Moshi ukionekana kwao, sisi tunanong'ona. Mtoto wetu akilia, wao wananong'ona. Mama yangu akashikwa na uchungu huko, na baba amebaki mjini, hatujui kama yu hai. Mkunga alivuka kijito kutoka upande wa misheni, nguo zimelowa mpaka kiunoni. Kijana wetu mmoja, aliyejipa kazi ya ulinzi, akamzuia kwa panga.

"Weye mama, unasali wapi?"

"Papa, kichwa ya mutoto iko inje. Acha nimalize, kisha utaniuliza hata mwaka muzima."

Mdogo wangu akazaliwa. Ndipo mama akaanza kulia kuliko alivyolia kwa uchungu, kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kumwadhinia mtoto sikioni. Mkunga akamwita yule mlinzi. Na huyo mlinzi, mwenye panga, aliyeuliza watu wanasali wapi, hakuyajua maneno! Alianza, akakwama, akaangalia miguu yake. Basi yule mwanamke asiyeamini akampakata mtoto, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia, akaisoma adhana yote, polepole, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Alikuwa amekulia nyuma ya msikiti, ameisikia mara tano kila siku. Kesho yake, ng'ambo ile, alizaliwa mtoto asiyeweza kuvuta pumzi. Mkunga akamwagia maji katika paji la uso na kutamka yale maneno ya ubatizo aliyofundishwa na masista alipokuwa akifua nguo kwao. Mtoto alikufa. Mama yake, walisema, aliweza kulala.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini, na yeye haamini. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Mama mwenye kuzaa hawezi kubeba uchungu na woga pamoja. Uchungu siwezi kumutolea. Woga ninaweza."

Mnadhani mji ulimshukuru? Vita vilipotulia, makanisa ya uamsho yakaota kila avenyu, na pasta mmoja akahubiri kwamba mtu anayeshika maneno ya Mungu bila Mungu lazima yuko na mwingine anayempelekea watoto. Msikitini nako wakubwa walisema ile adhana ya porini ni bure, mdogo wangu aadhiniwe upya, na wakati huo alikuwa amekwisha kuota ndevu. Pande zile mbili, ambazo hazikukubaliana hata juu ya kijito, zilikubaliana juu ya mwanamke mmoja. Hilo linanitia shaka mpaka leo. Watu hawapatani haraka hivyo bila faida. Mama mjamzito anayekwenda kwa mkunga hapeleki sadaka kwa pasta ili aombewe tumbo, hamlipi mtu wa hirizi. Fikirini wenyewe.

Na mimi? Nisijifiche. Nilipobeba mimba ya mtoto wangu wa mwisho, dada mmoja wa kikundi cha maombi alinishika mkono sokoni: "Mukwetu, ule mama iko na siri. Atafunga kizazi yako." Mimi, niliyeona kwa macho yangu alivyopokea mdogo wangu, nilikwenda kuzalia mahali pengine. Nikawa nikimwona njiani navuka barabara. Siku moja aliniwahi kabla sijavuka. "Mama, ulijifungua salama?" Nikamjibu, "Mungu alisaidia," na nililichagua neno hilo limwume. Akaitikia kwa kichwa tu: "Ni vizuri." Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa katika nguo zake.

Sasa turudi kwenye kilio. Nilipoingia ndani nilikuta wanawake wawili wanafunua godoro la marehemu, wanatafuta dawa za uchawi. Walikuwa wamepata nyembe katika karatasi zake, kipande cha sabuni na kibunda cha uzi mweupe.

"Muone! Uzi hii njo ya kufungia watu."

"Njo ya kufungia kitovu, mujinga!" Ilikuwa sauti ya mama yangu, kutoka mlangoni. "Weye mwenyewe ulifungwa nayo. Nilikuwa pale. Ulikuwa unalia kama mbuzi."

Nikatoka kutafuta waoshaji. Akina mama wa kanisa wakaniambia, "Tulisikia Waislamu wamemuchukua. Si alikuwa anaadhinia watoto?" Nikaenda kwa wanawake wa msikiti. "Tulisikia ni wa misheni. Si alikuwa anabatiza?" Sasa watu wa mtaa wanasema yalikuwa makosa ya kusikilizana. Mimi sikubali. Nilimwona mjumbe wa hawa na mjumbe wa wale. Walisimama barabarani, wakachungulia, wakarudi. Mtu aliyekosea njia huuliza. Hawa hawakuuliza, kwa sababu jibu lingewapa kazi.

Niliporudi mama yangu alikuwa amejifunga kitenge kifuani na kushika ndoo. Magoti yake mabovu, haendi msikitini tena bila kushikwa. Mmoja wa wale wanawake wa godoro akamwonya, "Mama, utamuosha kwa dini gani?" Mama akasema, "Aliniona uchi porini, hakuniuliza kitu. Leo miye ndiye nitamuona." Akaingia. Nikamfuata. Kisha akaja mwanamke wa kanisa, peke yake, amevaa nguo kinyume kwa haraka, kisha wawili wa msikiti ambao waume zao hawakujua. Tulikuwa watano. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesoma. Tulimwosha kwa sabuni yake mwenyewe, na mikono ile mikubwa niliisafisha mimi, kidole kwa kidole, nikiona haya. Jioni alizikwa.

Tangu siku hiyo nasikia lile swali kila mahali. Unataka kupanga nyumba: unasali wapi? Unamwandikisha mtoto shuleni: cheti cha ubatizo kiko wapi? Msichana anaomba kazi na kitambaa kichwani, anaambiwa nafasi imejaa, na kesho yake nafasi ina mtu. Mke Mkristo katika ua wa Waislamu anatengewa sufuria. Na asiyesali popote hapewi hata nafasi ya kubaguliwa kama mtu. Yeye anaitwa mchawi, na mchawi anaweza kupigwa mawe bila mwenye jiwe kukosa usingizi. Tunaambiwa swali hilo ni la udugu. Porini liliulizwa na mwenye panga.

Sina maneno mazuri ya kumalizia. Nina watoto watatu, na hiki ndicho ninachowafundisha: mtu akiwauliza jirani yetu anasali wapi, wasimjibu mpaka kwanza awaambie anataka kumfanyia nini.