Rimu Nilizopaka Rangi kwa Harusi ya Neema

Nakumbuka wiki moja, mwanangu, mdogo wangu Neema alipokuwa anakaribia kuolewa, na mimi ndiye nilitakiwa kumpeleka kanisani kwa gari langu. Nilikuwa kijana, na gari nililipenda kupita kiasi.

Rimu za magurudumu yake zilikuwa za alumini, zimepakwa kromu inayong'aa kama kioo. Mzee Salimu, fundi wa rimu pale Daraja Mbili, alikwisha kunikataza nisizinunue. Alisema kokoto za barabara yetu ya Moshono zitaichubua kromu, afadhali rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri. Sikumsikiliza. Kila Jumamosi nilizisugua kwa tindikali ya kusafishia choo, kwa kuwa zilimeta haraka. Mwaka haukuisha, kromu ikababuka. Nikarudi kwake.

"Shikamoo mzee. Nipakie rangi nyeusi ya kung'aa."

"Marahaba." Akakwangua ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akakishika kidole changu na kukipitisha juu yake. "Unasikia huo ufa? Hii siipaki. Tafuta nyingine."

"Harusi ni keshokutwa, mzee. Nani atauona?"

"Ndiyo maana siipaki."

Nilikasirika, nikazibeba hadi Kaloleni kwa fundi mwingine. Huyo sikumwambia habari ya ufa. Alipuliza rangi upesi, zikatoka zinapendeza mno. Neema alipoziona alipiga vigelegele.

Siku yenyewe, tukiteremka kutoka Moshono, gari lilitumbukia kwenye shimo. Ile rimu yenye ufa ikapasuka, tukaingia mtaroni upande aliokaa yeye. Mguu wake ulivunjika sehemu mbili. Ndoa ilifungwa miezi kadhaa baadaye, bibi harusi akitembelea magongo, na hadi leo anachechemea. Ilinichukua miaka kumwambia kwamba nilijua habari ya ufa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia, kaka, ningekwenda kwa miguu."

Maneno hayo hayajanitoka.

Basi mwanangu, chagua rangi ya rimu kwa kuangalia barabara unayopita. Zioshe zikiwa zimepoa, kwa maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini, tindikali usiiguse. Kabla ya kupaka, zikwanguliwe zikaguliwe. Yenye ufa itupe. Na fundi akikukatalia kazi, muulize sababu, kisha mshukuru.

Mungu akupe moyo wa kusikia mapema, na kila unayempakia garini mwako ashuke akiwa mzima.