Fundi wa televisheni anayeuliza nguo zinaanikwa wapi

Mvua imekatika sasa hivi Vulamba, mtaa wa Butembo, mashariki ya Kongo, na maji bado yanadondoka kwenye ncha za mabati. Lusenge Gamaliel anavua viatu mlangoni, anaingia sebuleni, anasimama mbele ya televisheni mpya. Haigusi. Anaiangalia tu, mikono mgongoni.

Ni televisheni bapa, pana kama meza ya kulia. Imetoka Kasindi, mpakani, juu ya lori, ikapandishwa ukutani jana. Nailoni yake bado imebandikwa pembeni ya kioo ili mgeni ajue kwamba ni mpya. Lakini picha yake ni aibu. Msoma habari ana nyuso mbili. Mistari mipana, myeusi, inapanda kutoka chini ya kioo pole pole kama moshi wa jiko, na spika zinanguruma.

"Fundi, unaona mwenyewe?" anasema mwenye nyumba, Vagheni, anayeitwa na wote Papa Shalom kwa jina la binti yake. "Kintu mupya! Balituuzishia feki. Mi narudisha Kasindi Jumatatu."

Gamaliel anasikiliza mngurumo. Kisha anauliza: "Nguo munaanikaka wapi?"

Watu wanacheka. Jirani Salomon, ambaye amekuja kuona televisheni, anapiga paja. "Papa Shalom, uliita fundi ao uliita boyi wa kufula?"

"Ata mi nashangaa," Papa Shalom anasema. "Fundi, nilikuita juu ya télé, weye unatafuta kaputula zangu!"

Gamaliel hacheki. Anauliza tena, sauti ileile: "Papa, nguo munaanikaka wapi?"

Amezoea kuchekwa. Butembo yote, kuanzia Vulamba mpaka sokoni, kuna watu wasiojua jina lake la ubatizo, wanamwita Fundi Kaputula kwa sababu ya swali hilo. Ana miaka arobaini na tatu na watoto wanne. Kazi yake ni kutengeneza televisheni, hasa hizi mpya ambazo watu wananunua kwa shida halafu zinakataa kuonyesha vizuri. Siku nzuri inamlisha yeye na watoto. Siku mbaya anarudi na kilo moja ya viazi vya Lubero aliyopewa mahali pa malipo, na anashukuru.

"Batu banafikiri télé ikionyesha mubaya, ugonjwa iko mu télé," anasema. "Mara nyingi télé ni muzima. Yeye anakuambia tu kama kuko kintu ndani ya nyumba. Lakini nani anasikilizaka?"

Kabla ya kujibiwa kuhusu nguo, jibu linapita lenyewe dirishani. Shalom, msichana wa miaka kumi na miwili, anatoka jikoni na beseni la nguo alizofua. Ni Jumamosi, siku ya kufua, maana kesho ni misa. Hana viatu. Udongo wa kiwanja umelowa mpaka unashika miguu. Anaelekea kwenye waya wa chuma uliovutwa kutoka kwenye bomba la antena, pale penye ukuta wa nyumba, mpaka kwenye mti wa parachichi.

Gamaliel anatoka mbio bila viatu.

"Shalom! Usiguse! Weka chini! Weka chini beseni!"

Mtoto anashtuka. Beseni linaanguka. Shati jeupe la shule, shuka, nguo za mama za misa, vyote vinalala kwenye tope jekundu.

Mama yake, Kavuo, anatokea jikoni akiwa na mwiko mkononi. "We fundi! Uko na kichwa kweli? Ile sabuni ni ya baba yako? Mutoto anafula toka asubuhi!"

"Munisamehe, mama. Musikaribie. Mutu yeyote asikaribie ile waya."

Anarudi kuchukua mfuko wake, anavaa viatu vyake vya mpira, anatoa bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, ile mafundi wanayopimia umeme. Papa Shalom na Salomon wamefika mlangoni, bado wana kicheko midomoni. Gamaliel anagusisha ncha ya bisibisi kwenye waya wa nguo.

Taa inawaka.

Gamaliel anaigusisha kwenye bomba la antena, inawaka. Anainua mkono, anaigusisha kwenye ncha ya bati, inawaka. Nyumba nzima, kutoka juu mpaka kwenye kamba ya nguo, ina umeme.

Kavuo anashusha mwiko. Anajishika mkono wa kuume kuanzia kiwiko.

"Jana magaribi nilienda kutosha nguo, kuzianua," anasema pole pole. "Ile kamba iliniuma. Ikaniuma mu mukono mpaka hapa. Nilisema ni baridi ya mifupa. Nikapakala mafuta, nikalala."

"Na haukusema?" mume wake anauliza.

"Niseme nini? Kama kamba inauma?"

Mama unayesoma haya, ngoja kidogo hapa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Huko kwetu umeme haufiki kila nyumba. Mwenye mita anampa jirani, jirani anavuta waya juu ya mabati, anauingiza ndani kwa tundu lililotobolewa na msumari. Bati lina meno. Upepo ukivuma, waya unasuguliwa, unasuguliwa, mpaka ngozi yake inaisha. Siku hiyo umeme unaingia kwenye bati. Na antena ya televisheni imefungwa wapi? Kwenye bati hilohilo. Na sisi wamama, tukiona bomba refu, la nguvu, limesimama bure, tunafunga nini? Kamba ya nguo. Tena si kamba, ni waya wa chuma, kwa sababu blanketi la Butembo likilowa linakata katani.

Kwa hiyo umeme unapanda mpaka kwenye televisheni kwa waya wa antena, unachora ile mistari. Na huohuo unashuka mpaka pale mtoto anaponyoosha mikono.

Juzi, kabla ya televisheni, hapakuwa na antena wala bomba. Kavuo alianika kwenye kamba ya katani nyuma ya jiko. Bomba lilipokuja, akafurahi kupata mahali pa juu penye jua. Na jana udongo ulikuwa mkavu bado, na Kavuo alikuwa amevaa kandambili. Ndiyo maana yuko hai anasimulia.

Ungefikiri mambo yangeishia hapo. Hapana. Papa Shalom anakuna kichwa.

"Fundi, basi tosha ile kamba, halafu urekebishe picha. Kesho niko na bageni ya batizo. Nilibaambia batakuja kuona misa mu télé munene."

"Papa, tunakata kwanza courant yote."

"Yote? Na friji? Na simu za batu? Lakini ni kidogo tu, si ulisikia mama? Ilimuuma tu."

Salomon naye anaingilia, kwa sababu umeme ni wa mita yake. "Ile laini nilivuta mi mwenyewe. Inafanya miaka mingapi? Haiyaua bado ata kuku."

Gamaliel anakaa kwenye ngazi ya mlango. Anasema hapendi kusimulia anachokwenda kusimulia, lakini watu hawamwachii njia nyingine.

Alikuwa na dada mdogo, Kanyere, aliyeolewa Beni. Wakati huo Gamaliel hakuwa fundi. Alikuwa Kasindi, akipakua malori mpakani. Mume wa Kanyere alinunua televisheni, ya kwanza ya aina hii katika kiwanja chao, na picha ikawa ya mistari. Walipandisha antena, wakaigeuza, wakaipandisha tena. Siku ya mvua Kanyere akatoka kuanika nepi za mtoto wake.

"Balinipigia simu nikiwa juu ya lori," anasema. "Nilipofika, marehemu alikuwa mu nyumba, analazwa chini. Na télé iko inawaka. Batu ba matanga banakaa, banaangalia, banalalamika. 'Hii picha ni mubaya, mugeuze antena kidogo.' Nilisikia kwa masikio yangu. Mutoto mumoja akatumwa kugeuza. Mungu alisaidia, alivaa buti."

Hakuna aliyefikiri umeme. Mwanamke mzima, hana homa, anaanguka na beseni? Wakasema amerogwa. Wakatafuta wa kumshika, wakampata jirani mjane, Mama Jokébed, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekuja kuomba chumvi. Walimtupia mawe juu ya nyumba yake. Alihama usiku uleule akaenda kwa watu wake Lubero, na kiwanja chake kikachukuliwa.

Gamaliel alijua ukweli baada ya mazishi, kwa mwili wake. Alishika bomba la antena ili ashushe nguo za marehemu zilizokuwa bado zinaning'inia, umeme ukamtupa ukutani. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto mpaka leo havisikii moto wala baridi.

"Nilisema mu famille. Balininyamazisha. Bazee balisema, sasa tutaambia batu nini, tulisha fukuza ule mama. Njo maana nikaenda kujifunza hii kazi kwa fundi mumoja wa Beni. Sikutaka kujua télé. Nilitaka kujua nini iliua dada yangu."

Salomon anaangalia laini yake juu ya bati kama anaiona kwa mara ya kwanza. Lakini hakuna anayesogea. Wanaume wawili wanangojana nani aseme.

Ni Kavuo anayesogea. Anamshika Shalom bega, anamwingiza jikoni, anafunga mlango. Kisha anavuka kiwanja, anazunguka mbali na waya, anasimama mbele ya Salomon.

"Papa Salomon, enda ufunge mita."

"Mama Shalom, acha kwanza tuone..."

"Tumesha ona. Uko na binti na weye. Enda ufunge, ao mi naenda kukata na panga, tukufe wote."

Salomon anakwenda. Baada ya muda mfupi mngurumo wa spika unakatika sebuleni, na kioo kinakuwa cheusi. Papa Shalom anashuka kiwanjani. Anainama, anaanza kuokota nguo kwenye tope, moja moja, anazirudisha kwenye beseni. Mtu mzima, wa kuheshimiwa parokiani, anaokota shati la binti yake. Nyuma ya mlango wa jikoni, Shalom anasikika akilia.

Gamaliel anapima tena kila mahali. Taa haiwaki. Ndipo anapanda juu ya bati na kupata jeraha la waya: sehemu ndogo isiyofika urefu wa kidole, shaba inang'aa nje. Anaikata, anaunga waya mpya, anaupitisha ndani ya bomba la plastiki ili usiguse bati tena. Anafungua waya wa nguo kwenye bomba la antena na kuusukumia mbali. Anamwambia Kavuo arudi kwenye katani nyuma ya jiko, hata kama jua la huko ni dogo.

Umeme unaporudishwa, picha ni safi. Msoma habari ana uso mmoja. Papa Shalom anatazama kidogo, anazima.

"Fundi, wasingya," anasema, akishukuru kwa Kinande. "Kesho bageni batakuja kula tu. Mi nitabaeleza hii mambo."

Salomon hakungoja kesho. Amekwisha kumwomba Gamaliel apite kwake, na kwa nyumba nyingine mbili ambazo nazo zinakula umeme wa mita yake. Zote mbili zina antena. Moja, anakiri kwa sauti ndogo, imekuwa ikilalamikia picha tangu Pasaka.

Basi wamama, tusikilize. Mistari ikipanda kwenye kioo na kunguruma, usimtume mtoto kugeuza antena. Usiseme ni feki. Mvua ikinyesha na picha ikazidi kuharibika, usitoke na beseni. Kamba ikikuuma, si baridi ya mifupa. Mwambie mwenye mita afunge, mwite mtu anayejua, na mtoto akae ndani mpaka apime. Nguo zikilala chafu siku moja, hakuna msiba.

Gamaliel ameomba ruhusa ya kupita katika mashirika ya parokia, yaani jumuiya ndogo za sala, Jumapili moja moja, kueleza haya kwa wamama baada ya sala. Mapadri wamekubali, na Waprotestanti pia wamemwita. Anatafuta bisibisi za kupimia, moja kwa kila shirika, akae nayo mama mmoja mwenye akili tulivu.

Lakini kuna jambo jingine, na hilo analisema akiwa tayari amefunga mfuko wake.

Mama Jokébed bado yuko hai. Yuko Lubero, amezeeka, hatoki sana. Gamaliel alimfikia mwaka huu, akapiga magoti mbele yake, akamwambia kilichomuua Kanyere. Mama yule akamuuliza ni nani mwingine anayejua.

"Nilimujibu, ni mi peke yangu. Akasema, basi ukweli haiyafika bado."

Barabara ya Beni ikipata usalama, anataka kumpeleka huko. Wazee wa familia yake wameanza kulegea. Wawili wamesema watasimama naye.

"Nataka asimame mu ile kiwanja ya dada yangu, mbele ya batu bote balimutupia mawe," Gamaliel anasema. "Ile bomba ya antena iko pale mpaka leo, balikataa niiguse, na mu ile nyumba banalalamika bado juu ya picha. Nitabatosha batoto mbali kwanza, nitapima, batu baone taa inawaka. Mi sitasema kintu. Nitamuachia mama aseme."