Krismasi ya Kujipakulia

Mwaka ule kaka yangu aliporudi nyumbani akiwa mgonjwa, mama aliamua kwamba Krismasi tutakula kwa kujipakulia. Alitangaza jambo hilo mwanzoni mwa Desemba, akiwa ameinama juu ya karai la nguo, bila kumtazama mtu.

"Chakula chote mezani," alisema. "Kila mtu anashika sahani yake, anapanga laini, anajipakulia. Kama hotelini."

Baba alishusha gazeti. "Nipange laini? Kwa nyumba yangu?"

"Wewe utakuwa wa kwanza. Hiyo laini hutaiona."

Baba alikuwa fundi wa mitambo bandarini, na hakupenda mambo mapya. Kwetu Krismasi ilikuwa na mpangilio wake tangu nilipopata akili. Wanaume walikaa sebuleni wakizunguka meza ndogo, ugali mmoja mkubwa katikati, bakuli la samaki na la kuku pembeni, mikono ikikutana humo humo. Wanawake walikula jikoni. Sisi watoto tuliwekewa sinia kwenye mkeka, na anayekula polepole alibaki na mifupa. Maji ya kunawa yalikuwa ya beseni moja, lililozungushwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwezi uliotangulia na nilikuwa nyumbani nikisubiri matokeo. Kwa hiyo mambo mengi ya siku hizo niliyaona kwa karibu kuliko ambavyo ningependa.

Kaka yangu alikuwa kifungua mimba. Alifanya kazi Nakuru, kwenye gereji, na kila aliporudi likizo nyumba ilijaa kelele. Alikuwa mlaji. Kichwa cha ngege, yule samaki wa ziwani, kilikuwa chake, hakuna aliyegombea, na alikinyonya mpaka mifupa ikabaki myeupe na mikavu, halafu akaipanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayefungua injini. Oktoba ile alishuka kwenye basi akiwa na godoro lililofungwa kwa kamba na suruali iliyoshikiliwa na mshipi uliotobolewa matundu mapya. Mama alimpokea godoro, akalibeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani. Hakulia. Aliweka maji ya kuoga jikoni.

Redioni waliutaja ugonjwa ule kila siku. Nyumbani kwetu haukutajwa. Daktari alimwita baba kando, wakazungumza, na baba aliporudi alisema, "Ni kifua." Tukakubali kwamba ni kifua. Majirani wengine walisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao wazee wanasema humpata aliyevunja mwiko. Wengine waliacha tu kutuazima vyombo.

Kisha mwezi wa Novemba alikuja baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka Kisian. Aliingia akisema njaa imemshika tangu asubuhi. Mama akasonga ugali haraka, akaweka samaki mbuta wa mchuzi, na baba akamwita kaka kutoka chumbani aje ale na wanaume, kama ilivyokuwa siku zote. Nililishika beseni mimi. Baba mkubwa alinawa, baba akanawa, kaka akanawa. Nilimwona baba mkubwa akiyatazama yale maji. Kaka aliponyoosha mkono akakata tonge, baba mkubwa akaurudisha wake mapajani.

"Nyinyi kuleni tu," alisema. "Mimi nilikula huko njiani."

Kaka alibaki na lile tonge mkononi. Hakulichovya. Alilibonyeza kwa kidole gumba mara nyingi, kisha akaliweka ukingoni mwa sahani ya ugali, akasema amechoka, akaondoka. Baba alikula peke yake, na baba mkubwa akazungumza habari za mvua.

Tangu siku hiyo kaka alikula chumbani. Sio sisi tuliomtenga, alijitenga mwenyewe. Baada ya kama wiki moja mama alikuwa akiosha vyombo akaniita. Alikuwa ameshika sahani ya bati, ameigeuza. Chini yake mtu alikuwa amechora msalaba kwa msumari. Kikombe kimoja nacho kilikuwa na alama ileile.

"Nani amefanya hii?" mama aliuliza, ingawa alijua ni kaka mwenyewe.

Aliisugua kwa mchanga na jivu mpaka vidole vikawa vyekundu. Alama haikutoka. Akaichanganya ile sahani na nyingine zote kabatini, akafunga mlango wa kabati kwa nguvu.

Nadhani ni siku ile ndipo alipoanza kuifikiria hiyo meza.

Jumapili moja baada ya kanisa tulienda soko la Kibuye. Mama alichagua sahani za mitumba moja moja, akigonga kila moja kwa kucha kusikiliza kama ina ufa. Zilikuwa za rangi tofauti, nyingine na maua, nyingine tupu. Kisha akatafuta miiko na pawa, moja kwa kila sufuria. Nilimwambia nyumbani tunazo. Alisubiri mpaka tukatoka kwenye msongamano ndipo akaniambia.

"Wakikula kwa bakuli moja, mtu akikataa, kaka yako anaona. Sasa kwa meza, kila mtu na sahani yake, kila chakula na mwiko wake. Hakuna mkono inaingia. Hakuna wa kukataa." Alihamisha kikapu mkono mwingine. "Nyathina, nataka mtoto wangu akae na watu Krismasi. Hiyo tu."

Aliniita nyathina, mtoto wangu, mara chache sana. Nilitembea nyuma yake.

Meza ya pili tuliazima kanisani. Ilikuwa ndefu kuliko yetu na fupi kwa miguu, ikabidi baba aweke vipande vya mbao chini yake hadi zikalingana. Mama alitandika shuka jeupe juu ya zote mbili, akalipiga pasi humo humo mezani. Alifikiria kila kitu. Sahani zianze upande wa mlangoni, ili watu waingie wakizichukua. Kisha wali, kisha chapati. Ugali ukatwe tayari kwa kijiko, mtu asimege kwa mkono. Kisha kuku, mbuta wa kukaanga, ngege wa mchuzi, dengu, sukuma wiki, na mwishoni kachumbari. Sufuria zikae ndani ya karai za maji ya moto zisipoe. Soda upande wa dirishani. Siku moja kabla alituamuru mimi na baba tushike sahani tupu tupite mezani, na yeye akasimama pembeni akitazama mahali tunapogongana.

"Baba, usisimame hapo kwa kuku," alisema. "Chukua, songa."

"Sufuria haina kitu, nachukua nini?"

Kaka alitutazama kutoka kwenye kiti chake akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na ilibidi tusubiri.

Siku ya Krismasi wageni walifika moja kwa moja kutoka kanisani, nguo zao mpya zikinuka duka. Alikuja shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye tulimwita Waya kama Wajaluo wote wamwitavyo dada ya baba. Wakaja majirani wawili watatu na watoto wao. Baba mkubwa naye alikuja na mkewe na wanawe. Nafikiri alikuja kwa sababu kutokuja kungehitaji maelezo. Kaka alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la mikono mirefu kufunika vipele vya mikono. Mama alitaka kumpakulia.

"Usiniletee," alimwambia. "Nitapanga laini kama watu."

Waya aliomba, sala ndefu, na tukasema amina. Wageni waliisifu meza. Mke wa baba mkubwa alisema ni kama harusi. Baba akaanza, akiwa amekaza uso, akapakua na kwenda kukaa. Baba mkubwa akafuata, na majirani wawili. Kisha kaka akainuka. Alichukua sahani mlangoni, akaingia kwenye laini. Nyuma yake alikuwa mke wa baba mkubwa, na nyuma yake laini ilikuwa imefika uani.

Aliushika mwiko wa wali. Punje zikamwagika shukani. Aligeuza uso pembeni akakohoa begani, kwa adabu kabisa, akapakua, akaurudisha mwiko. Akachukua kipande cha ugali. Alipofika kwenye ngege, mama alikuwa amemwekea kichwa juu, na akakiinua na pawa polepole kama mtu anayebeba yai.

Mke wa baba mkubwa alikuwa amesimama mbele ya wali. Aliutazama mwiko. Kisha akairudisha sahani yake juu ya zile nyingine na kusema, "Wacha ninywe soda kwanza. Hii jua imenimaliza."

Akaenda dirishani. Aliyekuwa nyuma yake akakumbuka mtoto wake uani. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyesema neno baya. Laini ilijifuta tu. Kijana mmoja wa baba mkubwa, aliyekuwa na njaa ya kweli, alinyoosha mkono kuchukua sahani, na mama yake akamvuta kwa kola ya shati. Meza ikabaki imejaa, mvuke ukitoka kwenye karai, na kaka akiwa mwisho wake na sahani mkononi.

Aligeuka akaona.

"Nimeshika mwiko tu," alisema. Hakupaza sauti. "Chakula sijagusa."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, na nilimwona akihesabu sufuria kwa macho, kana kwamba kuna kitu alikisahau, mwiko mmoja zaidi ambao ungeliponya jambo hili.

Baba aliinuka. Sahani yake ilikuwa imejaa bado. Alirudi mezani nayo, akaushika ule mwiko wa wali, akaongeza wali juu ya ule aliokuwa nao, akaongeza tena, mpaka ukamwagika shukani na kwenye viatu vyake. Kisha akampeleka kaka kwenye kiti, akakaa kando yake. Alikula yote. Alikula kama anayepakua mizigo, bila kuinua kichwa, na jasho likimtiririka shingoni. Kaka alikula matonge machache. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, na kichwa cha ngege alikigeuzageuza tu.

Waya naye alijipakulia, na nilimpenda kwa hilo. Baadaye nilipokusanya vyombo nilikuta chakula chake chote chini ya chapati, hakijaguswa.

Soda ziliisha. Watu walisifu tena meza, wakaaga mapema, wakisema mvua inakuja. Kaka hakuinuka. Alikaa na kumshika mkono kila aliyekubali kushikwa, na waliobaki aliwapungia. Mgeni wa mwisho alipotoka ndipo akaomba tumsaidie kurudi kitandani.

Mama alitutuma tuwapelekee majirani chakula kilichobaki. Walipokea kwa mikono miwili na kushukuru sana. Asubuhi yake niliona mbwa kwenye shimo la takataka la majirani, na wali mweupe, na vipande vya mbuta ambavyo mama alivikaanga toka alfajiri. Nilimwambia mama vyombo vimerudi. Sikumwambia kitu kingine. Chakula kingine tulikichemsha na kukila siku zilizofuata hadi kikaanza kuchacha.

Kaka hakula tena kitu kigumu. Alikufa kabla ya mvua ndefu kuanza, mchana, mama akimfuta uso. Tulimzika nyumbani kwa babu, ng'ambo ya Kisian, na watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Ng'ombe alichinjwa. Waliketi kwenye nyasi makundi makundi wakala kwa sinia, kwa mikono, watu wale wale wa Krismasi, na baba mkubwa alikuwa akiita mchuzi uongezwe. Mama aliwaongezea. Nilipomuuliza anawezaje, alisema, "Ni matanga. Watu lazima wale."

Miaka michache baadaye baba mkubwa alikuja kwetu siku ya kazi, bila taarifa. Alikuwa amezeeka. Alikaa ukingoni mwa kiti na kofia magotini, akauliza habari za kila mtu mara mbili mbili. Baba hakuwepo. Mama alimletea chai akakaa mkabala naye.

Mwishowe alisema mwanawe amerudi kutoka Mombasa. Hakusema anaumwa nini. Alisema hawezi kumeza.

"Mlikuwa mnampa nini, shemeji?" aliuliza. "Yule wenu?"

Mama alijibu papo hapo. Alimwambia uji wa wimbi, mwembamba, usiwe wa moto. Ndizi iliyopondwa. Maji ya chumvi kusukutua mdomo. Alimwambia amgeuze ubavu asije akapata vidonda vya mgongo, na akamwonyesha kwa mikono, akiinama, jinsi ya kuingiza mkono chini ya bega. Baba mkubwa alitikisa kichwa kila neno. Aliuliza kuhusu kuosha shuka, akaelezwa. Chai yake ilipoa.

"Na nyinyi hamkuogopa?" aliuliza.

Mama aliitazama ile chai iliyopoa.

"Tuliogopa, shemeji," alisema. "Kila siku tuliogopa."

Baba mkubwa alivaa kofia yake. Mama alimsindikiza hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, na walisimama pale mpaka gari la Kisian likaja.