Saba Tatu na Ghala la Mchele

Nakumbuka, mwanangu, nilivyorudi Kiganjo kutoka Doha na begi moja na diploma ya kompyuta. Watu walicheka. Ati huyu atauza mchele wa Mwea kwa mtandao? Hata kilo mbili hataweza. Leo wenye maduka wa Nanyuki wananiagiza kwa simu, na wale waliocheka wananitafutia watoto wao kazi. Nalisema bila haya. Mcheza kwao hutunzwa.

Mchele wenyewe nilikopeshwa na akina mama wa Wang'uru, magunia arobaini, kwa neno langu tu. Siku ya kufungua duka la mtandaoni, picha za mchele zilikataa kupanda kwenye seva, ile kompyuta ya kukodi inayobeba duka. Mtu wa diploma nimuulize nani? Mficha uchi hazai, lakini mimi nilificha. Nikaandika saba tatu, 777, kwa kila folda na kila faili, yaani yeyote aliye kwenye seva ile asome, aandike, aendeshe. Picha zikapanda, nami nikajipongeza kwa chai na maandazi.

Seva hiyo tulikuwa tumeipanga wenye maduka wengi. Siku ya tatu, mtu akaingia na kubadilisha namba ya kulipia. Wateja wakamlipa yeye. Mimi nikatuma magunia sita bure.

Nilikwenda kwa Mama Wawira, mshika funguo wa ghala la akina mama hao, nikamweleza kwa maneno makubwa. Akanikatiza.

"Wewe Muriithi, hapa wateja wanaangalia mchele. Vijana wa mkokoteni wanaingiza. Kutoa ni mimi. Huko kwako nani anatoa?"

"Kila mtu, Mama."

"Basi hilo si duka. Ni barabara."

Nikalijenga duka upya kutoka nakala safi. Folda 755, faili 644: wengine wasome, niandike mimi tu. Faili lenye nenosiri nikaliwekea 600, lisomwe na programu ya duka peke yake. Folda ya picha nayo nikaifanya mali ya programu hiyo, kwani ndiyo inayopandisha picha. Kumbe hilo la picha tu ndilo lililohitajika tangu mwanzo.

Baada ya mavuno mawili nilirudisha gunia la arobaini. Mama Wawira alilipima, kisha akanipa ufunguo.

"Huu ni wa kuingia kuhesabu," akasema. "Wa kutoa bado ni wangu."

Diploma iko ukutani. Ufunguo huo natembea nao.

Mwanangu, mlango ukikukatalia, uliza kwanza ni wa nani. Mpe kila mtu ruhusa inayotosha kazi yake, wala usinune ukipewa yako kwa kipimo. Mungu akujalie milango mingi, na akili ya kuifunga.