Kukaa Kimya Nyuma ya Nyumba

Tuku-tuku-tuku-pa. Hivyo ndivyo ilivyolia mashine ya kusaga ya Misiera, kijiji chetu ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mkanda wake ulikatika zamani, ukaungwa kwa kipande cha tairi la baiskeli, na kila kiungo kile kilipofika kwenye gurudumu kilipiga: pa! Nyumba yetu iko nyuma yake kabisa. Wageni wakilala kwetu huamka wameshika kichwa. Mimi ikinyamaza ndipo nashtuka.

Nilianza kuisikiliza kwa makusudi niliporudi kutoka Ruti. Huko, pembeni mwa mji wa Mbarara kwenye barabara ya Kabale, nilikuwa najifunza kushona kwa mama mmoja mwenyeji tuliyemwita Madamu. Kwake hakuna aliyegusa cherehani asubuhi kabla ya kukaa. Tuliketi sakafuni sote, mgongo ukutani, miguu tumeinyoosha, vitambaa vya kichwa tumevifungua ili shingo zipumue, macho tumeyafumba. Tulisikiliza pumzi. Kisha kila mmoja alichagua jambo moja jema la kuanzia siku, akalishika mpaka mikono itulie. Madamu alianzisha desturi hiyo baada ya msichana mmoja kujishona kidole akiwaza ugomvi wa kwao.

"Nyabo, kichwa yako iko wapi?" aliniuliza siku ya kwanza, kwani kwao kila mwanamke ni nyabo, yaani bibi, akiniona nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. "Kama kichwa iko kwa kambi, mkono itashona nini? Kaa kwanza."

Nilicheka. Katika kanisa letu sisi Wakongo hatujui kunyamaza mbele ya Mungu. Tunaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, mpaka mabati yanaitikia. Lakini nilikaa, na kidogo kidogo nikaona kitu. Mawazo mabaya hayakuisha, ila yalipita kama watu wanaokwenda sokoni, kila mmoja na mzigo wake, na mimi sikulazimika kumtua kila mtu. Jambo langu jema lilikuwa lile lile karibu kila asubuhi: chumba changu cha kushonea, mlango wa bluu, na mimi ndani nikimpima bibi harusi mnene anayecheka.

Halafu Mama akaniita nije kusaidia kuvuna maharage. Madamu alinipa ruhusa, ila alinionya nirudi kabla ya sare za shule kuanza kushonwa. Wakati huo kila cherehani inataka mtu, na yangu haitakaa bure.

Maharage yakaisha. Asubuhi nikatandika mkeka nyuma ya nyumba, nikaegemea ukuta, nikanyoosha miguu, nikafungua kitambaa. Tuku-tuku-tuku-pa. Nilikuwa nimefika pazuri, bibi harusi amesimama, nampima kiuno, niliposikia sufuria inaanguka.

Mama alikuwa kwenye kona, mikono kichwani.

"Uko nalia juu ya nani?"

"Silii, Mama."

"Nani alikuambia kama baba yako alikufa?"

Hapo ndipo nilipojiona. Kwetu mfiwa ndiye anayekaa vile: chini, miguu mbele, kichwa wazi, kimya. Baba alibaki Kivu ya Kusini na ng'ombe tulipokimbia. Alisema atatukuta njiani, na mpaka leo hatujasikia habari yake. Tangu tufike Nakivale, Mama hajawahi kunyoosha miguu miwili kwa pamoja. Hata akirudi shambani amevunjika mgongo, hukunja mmoja.

Nilijaribu kumweleza kwamba ni namna ya kutafuta mawazo mazuri.

"Mazuri gani inakaa chini kichwa wazi?" alisema. "Kama ni ile banakufundisha kule Ruti, haurudi tena kule."

Jioni wakaja wamama wa maombi. Walinizunguka, wakaweka mikono juu ya kichwa changu, wakaanza. Walisukuma, maana kwetu mtu akitokwa na pepo huanguka. Sikuanguka. Mama mmoja wa kwaya, jirani yetu mwenye mdomo mwepesi, aliniinamia sikioni: "Anguka basi, mwanangu. Maharage yangu iko ku moto."

Nikaangua kicheko.

"Muliona? Pepo gani inacheka vile?" yule wa kwaya akawauliza wenzake, lakini hawakumsikia.

Nikafumba macho katikati ya kelele ile, nikashika pumzi yangu kama nilivyofundishwa. Bibi harusi hakuja. Ilikuja sauti ya Mama. Wengine wote waliniombea mimi. Yeye alikuwa anamwita Baba kwa jina, anamwomba Mungu amwonyeshe njia ya Misiera, hata duka la kukatia kona alilitaja. Kicheko kikaniisha. Niliacha kubishana naye tangu jioni ile.

Siku zilipita nikipepeta maharage, nikiteka maji, nikisikia gari la Mbarara likipiga honi barabarani. Ningeweza kutoroka. Mizigo yangu ilikuwa mfuko mmoja. Lakini ningeondoka bila ruhusa yake, ningemwachia mtu wa pili wa kungoja, baada ya Baba. Basi nilibaki, nikahisi kuta zinanisogelea, hata nikiwa nje. Sikukaa tena. Kila wazo lililopita lilitua mzigo wake magotini mwangu.

Siku moja simu ikaleta sauti ya Madamu, ambaye nilikuwa nimemtumia ujumbe kwamba Mama amenikataza. Tulikuwa tunachambua maharage, na Mama akaisikia yote.

"Nyabo, shule inafungua. Mashine yako nimepatia mwingine. Usikasirike. Sare zikiisha, kama mama yako anakubali, wewe kuja."

Niliinamisha uso kwenye ungo. Machozi yakaanguka juu ya maharage, na Mama akayaona. Alichambua kidogo, akatupa jiwe, akachambua tena.

"Kwa ule Madamu wako hakuna hata kiti?"

"Viko, Mama."

"Basi juu ya nini munakaa chini sawa bafiwa?"

Madamu hakuwahi kutuambia lazima iwe chini, na mimi sikuwahi kuuliza. Mama akaendelea kuchambua. Hakusema nenda, hakusema usiende.

Kesho yake alikwenda kanisani mapema. Nilichukua kigoda cha jikoni, nikakipeleka nyuma ya nyumba, nikakiegemeza ukutani pale pale. Nikafunga kitambaa cha kichwa, nikakikaza. Niliketi, nikakunja magoti vizuri, yote mawili, nikaweka mikono juu yake. Nikafumba macho.

Tuku-tuku-tuku. Nikaingoja ile pa.