Kanga Aliyeangushwa kwa Tusi

Harufu ya baruti asubuhi ya baridi inachoma pua kama pilipili kichaa, na hadi leo mtu akilipua fataki mtaani kwetu Turffontein mimi narudi palepale: shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, nje kidogo ya Diepsloot, umande umeganda juu ya majani, nami nina miaka kumi na sweta nne, nimesimama katikati ya wanaume wawili wanaochukiana kupita paka na panya. Mmoja alikuwa baba yangu, mtu wa Tanga. Wa pili Ami Sudi, mtu wa Unguja, jirani tuliyechangia naye ua na bomba la maji. Chanzo cha ugomvi wao sikuwahi kukijua. Nadhani wenyewe walishakisahau, wakabaki wanaulea ugomvi mtupu kama mtoto mchanga.

Kilichowakutanisha pale ni kanga. Mzungu mwenye shamba aliwachukia ndege wale kwa kumfukulia mbegu, basi kila majira ya baridi aliwaruhusu baba na Ami Sudi wawapige kwa bunduki yake ya marisau, yeye mwenyewe akiwa kando yao. Nyama ilikwenda kwa Waislamu wenye mikahawa wa Fordsburg, na hapo ndipo karo yangu ilipotoka. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha wazee wale hakikutosha hata kugombana.

Sasa, kanga hapendi kuruka. Atakimbia mpaka Pretoria kabla hajafungua bawa. Kwa hiyo mmoja anazunguka nyuma ya majani marefu kuwakurupusha, mwenzake anasubiri na bunduki, halafu wanabadilishana. Hebu fikiria adui yako ndiye anayekuletea ndege! Zamu ya baba ikifika, Ami Sudi aliwakurupusha kuelekea upande wa jua ili baba apofuke. Zamu ya Ami Sudi, baba alipatwa na kikohozi cha kuamsha wafu. Na sharti lilikuwa moja: mpigaji aseme bismillahi kabla ya kufyatua, maana marisau mara nyingi humuua ndege angani, kisu kisimkute na roho.

Mwenye shamba alichoka nao. Asubuhi moja akaniambia, “Waambie wapige risasi moja kila mtu. Atakayepata ndiye atakayerudi hapa. Mwingine nisimwone tena.” Ami Sudi akatangulia, akakosa. Baba akashika bunduki. Nilikuwa pembeni yake, karibu kiasi cha kusikia meno yake yakigongana kwa baridi. Kanga wakaruka, kama mia tano hivi, kwa kishindo cha pikipiki, na kutoka majanini Ami Sudi akapiga kelele, “Utakosa, kipofu wee!”

“Kipofu baba'ko!” akajibu baba, na bunduki ikalia palepale. Kanga mnene akaanguka kama gunia, mfu kabla hajagusa ardhi.

Ami Sudi alikuja mbio, anahema. “Bismillahi iko wapi?”

“Nimesema moyoni.”

“Moyoni! Kwa mdomo gani, wakati ulikuwa unanitukania mzazi? Muulize mwanao, si alikuwa hapo?”

Baba akanigeukia. “Sema, mwanangu.” Alisema taratibu, na macho yake yalinieleza lililobaki. Nilijua uongo wa neno moja ungetubakizia shamba. Nilijua pia kwamba watu wa Fordsburg wangekula nyama ile kwa neno langu.

“Ulisema ‘kipofu baba'ko’, baba. Basi.”

Nikamtafsiria na mwenye shamba, kila kitu, hadi tusi. Akasema ndege asiyeuzika hahesabiki, na kwa kuwa Ami Sudi angalau alijua masharti, abaki yeye. Kutoka kule hadi Turffontein ni saa moja kwa gari. Siku ile ilikuwa miaka miwili, maana baba hakunitazama hata mara moja. Akaenda kubeba maboksi kwenye duka la jumla.

Shamba lile sasa ni nyumba zenye kuta ndefu, na kanga wanatembea kwenye bustani wamenona kama mabwana, hakuna wa kuwagusa. Mimi nilikua, nikasoma shule ya jioni, na mwalimu mmoja wa dini pale akanieleza jambo lililonitoa jasho: kwa madhehebu yetu, aliyeacha kutaja bismillahi kwa kughafilika ndege wake ni halali. Kumbe siku ile tulimtupia mbwa kanga halali. Nilikaa na habari hiyo kama kaa la moto mdomoni, mpaka mwezi uliopita nikamwambia baba.

Akaweka kikombe chini. “Sudi kasoma chuo cha Kurani miaka kumi. Alijua.”

“Labda naye hakujua, baba.”

“Alijua!” Akasimama bila mkongojo, akasukuma dirisha la uani. “Sudi! Toka nje, mwizi mkubwa!” Na mlango wa upande wa pili wa ua ukafunguka haraka, kana kwamba mzee yule alikuwa ameshika kitasa tangu zamani.

Miaka yote nilidhani siku ile nilimnyang'anya baba kila kitu. Namtazama pale dirishani, sauti yote imemrudia, anatukana kwa ufasaha wa ujana wake, naona nilichomnyang'anya ni shamba tu. Adui nilimwachia.