Dole Gumba la Bi Mwatum

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Mwatum wa Micheweni aliumwa mapema. Alipokuwa na miaka saba baba yake alifariki akamwachia mikarafuu kumi na miwili, na ami yake, Mzee Jecha, akawa msimamizi wa mali ya yatima. Ami akaiuza yote kwa mwanawe wa kumzaa, kwa bei ya kutupa. Kisha akamshika yatima mkono taratibu, akamchovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi ya mauzo. Tangu siku hiyo Mwatum alizinusa tu karafuu zake zikianikwa uani kwa ami. Uchungu ule haujamtoka hata leo.

Sasa ni mwenyekiti wa kina mama wakulima wa mwani. Marijani, kampuni ya kigeni inayoununua mwani huo, iliahidi kwamba ikipata faida, fungu moja litajenga chumba cha kujifungulia kijijini. Mwaka wa nne huu inatangaza hasara, na mwaka wa nne huu inaongeza maghala. Hasara gani hii inayonenepa? Kila akimtazama binti yake Laila, mimba ya miezi minane na njia ya kwenda hospitali ya mjini Chake Chake ndefu vile, Bi Mwatum huona hasira zinampanda.

Siku ya kusomewa hesabu, Haitham, afisa wa kampuni, alisoma mbio mbio huku akitabasamu. Tabasamu lile Bi Mwatum hakulipenda hata kidogo.

"Ngoja, mwanangu. Mwani wetu mwamuuzia nani?"

"Kampuni nyengine, Bi Mwatum. Iko ng'ambo."

"Mwenyewe nani?"

Haitham akakohoa. "Mwenyewe ni yuleyule. Lakini kisheria ni kampuni mbili."

"Na yeye huko auza kwa bei gani?"

"Hesabu za huko hazisomwi hapa."

Ajiuzia mwenyewe rahisi, faida ibaki ng'ambo. Ami Jecha huyu, akawaza Bi Mwatum, amerudi na tai shingoni.

"Tia dole twende zetu!" akafoka Duni, makamu wake. "Wakikasirika wakaondoka, mwani tutampa nani?"

Hofu hiyo Bi Mwatum alikuwa nayo pia. Karatasi mezani ilisema kina mama wamesomewa hesabu na wameridhika. Haitham akafungua pedi ya wino, akanyoosha mkono kwa adabu ili amshike Bi Mwatum mkono, amsaidie.

Bi Mwatum akafumba ngumi, dole gumba likiwa ndani.

"Nkono huu ulishashikwa mara moja," akasema. "Wakati ule n'likuwa ntoto. Leteni hesabu za ng'ambo, dole n'tatia mwenyewe."

Laila, aliyekaa nyuma ya mama yake, alijishika tumbo, akatazama chini. Haitham, tabasamu limemwisha, akamsogezea Duni ile pedi. Duni akalitazama dole lake kwa muda, akamtazama Laila, kisha akaficha mkono ndani ya kanga.